Kali Ipi? Asidi na Alkali kwa Kiswahili, Kutoka Louisville hadi Buffalo

Wanachama wenzetu na walimu wetu, tuanze na sentensi moja tuliyosomewa Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba: "Msingi wenye nguvu ukichanganywa na suluhisho la asidi hutoa chumvi isiyofungamana na upande wowote."

Isomeni tena taratibu. Je, ni kifungu cha katiba ya chama? Ni tamko la nchi za ulimwengu wa tatu? Hapana. Ni swali la kemia la darasa la kumi lililotafsiriwa na programu ya simu. Aliyetusomea ni msichana anayeishi Louisville, jimbo la Kentucky. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliotoka Kivu ya Kusini. Alikuwa ametafuta msaada kwa lugha ya nyumbani kwao, akapewa maneno ambayo yote ni ya Kiswahili na ambayo kwa pamoja hayasemi kitu.

"Yaya," alimwambia mwenzetu aliyekuwa zamu siku hiyo, "haya maneno yote naweza kuyasoma. Ila sijui yanasema nini."

(Kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Mwenzetu ni mzaliwa wa Tanga, na ilimchukua dakika kadhaa kukubali kwamba hakuitwa mlezi wa watoto.)

Kwa wasomaji wapya, tueleze kwanza tunachofanya. Barabara kuu ya 71 inaanzia Louisville, inapita Cincinnati na kufika Columbus. Ukiendelea nayo hadi Cleveland, kisha ukashika ile ya 90 kando ya Ziwa Erie, unaingia Buffalo. Njia hiyo ina Kiswahili kingi kuliko wanavyodhani wanaoiona kwenye ramani tu. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilianza kupokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kukaa Tanzania kwa miaka zaidi ya thelathini. Wakafuata Wakongo wengi. Wapo pia Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Kenya. Watoto wao wamo katika shule za miji hii mitatu, na kila Jumamosi baadhi yetu huwasaidia masomo, ana kwa ana au kwa video. Makala haya yanahusu somo moja tu kati ya hayo, asidi na alkali, na kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe.

MAKOSA YA "MSINGI"

Programu ile haikubahatisha. Kiingereza hutumia neno moja kwa msingi wa nyumba na kwa kitu ambacho wanakemia wa Kiswahili hukiita besi. Hutumia pia neno moja kwa ufumbuzi wa tatizo na kwa maji yaliyoyeyushiwa kitu ndani yake. Programu ilichagua maana zinazotumika zaidi magazetini, ikapata msingi na suluhisho. Neno letu kwa hilo la pili ni mmumunyo, na wengine husema myeyusho. Mtoto aliyewahi kumumunya peremende ameshaona maana yake: kitu kigumu kimeingia majini, kimepotea machoni, lakini ladha yake ipo.

Maneno haya hayakubuniwa na sisi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, miaka mingi kabla msichana wetu hajazaliwa. Na watoto wa shule za msingi za Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili hadi leo. Maneno yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafikisha kwenye meza ya jikoni ya Louisville, na huyo mtu, ndugu zetu, ndiye sisi.

JIKONI KUNA MAABARA

Tuliamua kutoanza na kitabu. Tulimwomba msichana atuambie mama yake anapikaje maharage.

Alituambia bila kusita. Maharage makavu huloweshwa usiku. Asubuhi hutiwa chungu kimoja na magadi kidogo, ila huku Marekani magadi hayapatikani kirahisi, kwa hiyo mama hutia kijiko kidogo cha soda ya kuokea. Nyanya haziingii mpaka maharage yaive kabisa.

"Kwa nini nyanya zisubiri?" tuliuliza.

"Ukizitia mapema maharage yanakataa kuiva. Mama atakugombeza."

Hapo somo lilikuwa limeshafika nusu. Nyanya ni asidi. Magadi ni alkali. Ngozi na nyama ya punje ya haragwe hushikamana kwa kitu kinachofanana na gundi ya mmea. Alkali huilegeza gundi hiyo, asidi huifanya ing'ang'anie. Mama yake hajawahi kuingia maabara, lakini kila Jumapili anafanya jaribio ambalo jibu lake analijua kabla ya kuwasha jiko. Anajua pia mipaka yake: magadi yakizidi, maharage yananuka sabuni, na baadhi ya vitamini hupotea.

Tukaendelea. Kwa nini doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe hugeuka jekundu linapopakwa sabuni, hata aliyefua akashtuka akidhani ni damu? Kwa sababu rangi ya manjano hubadilika inapokutana na alkali, na sabuni ni alkali. Kamulia ndimu mahali pale pale, unjano unarudi. Watu wa pwani wanaotafuna tambuu wanaijua rangi hiyo vilevile: jani, popoo na chokaa vikikutana mdomoni, mate huwa mekundu, na chokaa ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Jumamosi iliyofuata tulifanya jaribio lenyewe, yeye kwao na sisi Columbus, kamera zikiwa wazi. Kila mmoja alichemsha choya, ile kinywaji ya maua mekundu ambayo maduka ya Waarabu na ya Wamexico huuza ikiwa mikavu. Tulimimina katika glasi tatu. Ya kwanza tuliiacha. Ya pili tulitia maji ya ndimu, ikawa nyekundu ya kung'aa. Ya tatu tulitia soda ya kuokea, ikatoa povu, ikawa buluu iliyochafuka na kuelekea kijani. Mdogo wake wa miaka sita alipiga kelele hadi mama akaja kuona ni nini kimevunjika.

Karatasi ya litmasi wanayotumia shuleni hufanya kazi hiyo hiyo: nyekundu kwa asidi, buluu kwa alkali. Nayo imetokana na mimea midogo ya kuvu na mwani inayoota juu ya mawe na magome ya miti. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kudhani kwamba kemia imeanzia kwenye kabati la shule.

Baada ya glasi zile tatu, maelezo ya kitabu yaliingia kwa urahisi. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika tasnifu kuhusu vitu vinavyoyeyuka majini na kugawanyika kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni. Waliomtahini hawakuvutiwa, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. (Wanachama mnaosubiri majibu ya tasnifu zenu, jipeni moyo.) Kutokana na kazi yake tunasema: asidi ni kitu kinachotoa ioni za hidrojeni majini, na besi ni kinachotoa ioni za hidroksidi. Besi inayoyeyuka majini ndiyo huitwa alkali. Zikikutana, ioni hizo mbili huungana kuwa maji. Kinachobaki huitwa chumvi, nacho si lazima kiwe chumvi ya mezani.

Mwaka 1909 Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, alileta kipimo cha pH. Maji safi yana 7. Chini ya hapo ni asidi: ndimu ina karibu 2. Juu ya hapo ni alkali: mmumunyo wa soda ya kuokea hupita 8 kidogo, na magadi yanakaribia 11. Jambo ambalo watoto wengi hulikosa kwenye mtihani ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 7 hadi 2 ni hatua tano, kwa hiyo ndimu imezidi maji safi kwa ioni za hidrojeni mara 100,000.

UKALI WA AINA MBILI

Hapa sasa tunawaita walimu wetu wa isimu wakae karibu, kwa sababu tulikwama kwenye neno ambalo sote tulidhani tunalijua: kali.

Asidi ina jina jingine la Kiswahili, tindikali. Ndani yake unasikia kali. Halafu mtoto anakutana na neno alkali, na ndani yake pia anasikia kali. Alkali limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, jina la majivu ya mimea ya sehemu zenye chumvi, na halihusiani kabisa na kali yetu. Lakini sikio la mtoto halijui historia hiyo. Wavulana wawili wa Buffalo walituambia kwa uhakika kwamba alkali ni "asidi kali zaidi", na tulipowauliza wamejuaje, walijibu: "Si imesema yenyewe?"

Tatizo linaongezeka kwa sababu kwetu kali ni neno pana. Pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, mwalimu ni mkali, siki ni kali, na kostiki wanayotumia watengeneza sabuni ni kali. Ulimi wetu unatenganisha uchachu wa ndimu na uchungu wa shubiri bila shida. Lakini tukifika kwenye kitu kinachounguza ngozi, vyote tunavitia kapu moja.

Isitoshe, kali hubeba maana mbili ambazo kemia inazitenganisha. Kuna asidi yenye nguvu, ambayo karibu yote hugawanyika kuwa ioni ikiingia majini, kama ile ya tumboni mwetu. Na kuna asidi iliyokolea, yaani iliyo nyingi ndani ya maji machache. Siki ni asidi dhaifu hata ikikolea. Asidi ya tumboni ni yenye nguvu hata ikizimuliwa. Mtoto anayeandika "kali" kwa yote mawili hana kosa la kemia. Ametumia neno moja mahali penye kazi mbili.

COLUMBUS: JENGO LA MATUMBAWE

Katika mapumziko ya Novemba, watoto wachache wa Louisville na wazazi wao walitutembelea Columbus. Tuliwapeleka kwenye jengo la serikali ya jimbo la Ohio, katikati ya mji. Ujenzi wake ulianza mwaka 1839 na kukamilika mwaka 1861, na wengi wa waliochimba mawe yake walikuwa wafungwa. Mawe hayo ni ya chokaa, yanaitwa kwa jina la mji wenyewe, na ukitazama kwa makini unaona ndani yake mabaki ya viumbe wa baharini. Pale Louisville vilevile, mto Ohio ukipungua maji, ng'ambo yake huonekana matumbawe yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 390 hivi. Nchi hii yote iliwahi kuwa chini ya bahari ya joto.

Mzee mmoja, baba wa watoto watatu, aliyewahi kuishi Dar es Salaam, aliligusa jiwe akacheka. "Kumbe ni matumbawe? Basi hii ni nyumba ya Kilwa." Hakukosea. Wajenzi wa pwani yetu walikata matumbawe kujengea, na walichoma matumbawe kupata chokaa ya kuunganishia. Moto hufukuza kaboni dioksidi kwenye jiwe, na kinachobaki kikitiwa maji huwa alkali yenye nguvu ya kuchubua mikono. Chokaa hiyo ikishapakwa ukutani, inavuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, taratibu, na kurudi kuwa jiwe.

Jiwe la chokaa lina adui mmoja, nayo ni asidi. Mvua yenyewe ni asidi kidogo, yenye pH ya karibu 5.6, kwa sababu huyeyusha kaboni dioksidi ikiwa inashuka. Asidi hiyo ndogo ikipewa muda hufanya mambo makubwa: kusini mwa Kentucky imechimba pango la Mammoth, ambalo njia zake zilizokwisha pimwa zinazidi kilomita 680. Mambo yaliharibika binadamu alipoiongezea nguvu. Mitambo ya umeme ya bonde la Ohio ilichoma makaa ya mawe yenye salfa, moshi ukaenda na upepo kuelekea mashariki, na mvua iliyonyesha juu ya milima ya Adirondack, katika jimbo la New York, ikawa ya asidi kiasi cha maziwa kadhaa kukosa samaki. Mwaka 1990 sheria ya hewa safi ilirekebishwa ili kupunguza moshi huo, na tangu wakati huo salfa dioksidi inayotoka kwenye mitambo ya umeme ya Marekani imepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Tuliwaeleza watoto hayo tukiwa tumesimama kwenye ngazi. Mmoja akauliza: kwa nini wasimwagie maziwa yale chokaa, kama mama anavyozima uchachu? Tulifurahi mno, kwa sababu maziwa mengine yalimwagiwa chokaa kweli. Mtoto aliifikia njia hiyo kwa kuanzia jikoni.

BUFFALO: KARATASI YETU ILIPOKOSEA

Mpaka hapa tumejieleza kama washindi. Sasa tuseme lililotuuma.

Mwaka mmoja kabla ya haya, chama chetu kilitengeneza karatasi ya kurasa mbili kwa familia zilizofika karibuni. Ilieleza jiko la umeme, takataka, basi la shule, na dawa za usafi. Kwenye dawa za usafi tuliandika: "Dawa kali zisichanganywe." Tulijisifu kwa ufupi wake.

Januari, theluji ikiwa imefika magotini, mama mmoja wa Buffalo alisafisha choo. Alimwaga dawa ya choo, akaona madoa hayatoki, akaongeza dawa ya kung'arishia nguo. Katika dakika chache alianza kukohoa, macho yakimtoka machozi, kifua kikimbana. Mtoto wake mkubwa alimvuta nje kwenye theluji na kupiga simu ya dharura. Alitibiwa, akarudi nyumbani siku ya pili. Tunamshukuru Mungu.

Tulipokwenda kumpa pole, karatasi yetu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jokofu lake.

"Mama, pole sana. Karatasi hukuiona?" aliuliza mmoja wetu, na hadi leo anatamani angemeza ulimi.

"Nimeisoma, mwanangu. Imesema dawa kali. Hii ya choo ni kali, najua. Lakini ile nyingine ni javeli. Javeli tumeitumia Uvira miaka yote, hata kwenye maji ya kunywa wakati wa kipindupindu. Tangu lini javeli ikawa dawa kali?"

Hatukuwa na jibu. Kongo nzima huiita javeli, kutokana na Javel, mahali karibu na Paris ilipotengenezwa kwanza karne ya 18. Watanzania na Wakenya wengi huiita Jiki. Neno moja tu, javeli, lingetosha. Sisi tuliandika kali.

Na kemia yake ndiyo ile ile tuliyokuwa tukiifundisha. Tena chanzo chake hakiko mbali na nyumba ile. Mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Buffalo yapo maporomoko ya Niagara. Novemba 1896 umeme wa maporomoko hayo ulifika Buffalo, na viwanda vikajengwa hapo Niagara kuutumia. Baadhi vilipitisha umeme ndani ya maji ya chumvi. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Umeme ukipita kwenye mmumunyo wake, upande mmoja hutoka gesi ya klorini, na upande wa pili hupatikana kostiki, alkali yenye nguvu kubwa. Ukiirudisha klorini ndani ya kostiki iliyozimuliwa, unapata dawa ya kung'arishia nguo. Klorini imefungwa humo, na alkali ndiyo inayoishikilia isitoke.

Sasa mwagia asidi. Asidi inaizima alkali, kama ndimu inavyouzima wekundu wa manjano, na klorini inafunguliwa. Dawa nyingi za choo ni asidi, nyingine za hidrokloriki hasa. Gesi inayotoka ndani ya choo kisicho na dirisha ni ile ile iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Amonia nayo, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, ikichanganywa na javeli hutoa gesi nyingine zenye sumu.

Kwa hiyo "dawa kali zisichanganywe" haikuwa na kosa la sarufi, na kwa maana fulani ilikuwa kweli. Lakini haikumwambia mama jambo alilohitaji kujua: kwamba ukali wa chupa hizi mbili ni wa namna mbili zinazopingana, na hatari imo katika kukutana kwao. Watoto wa familia hizi ndio wakalimani wa nyumbani. Wao ndio husoma chupa, barua za shule na karatasi za hospitali. Mtoto aliyeambiwa kwamba alkali ni asidi kali zaidi atamtafsiria mama yake hivyo hivyo.

KARATASI MPYA

Tumeiandika upya, na safari hii tuliwasomea akina mama wa miji yote mitatu kabla ya kuipiga chapa. Waliturekebisha mara nyingi. Haya ndiyo tuliyokubaliana:

Asidi: neno la kutumia darasani. Mkongo akisema aside, asikosolewe, neno ni lile lile. Tindikali tunaitaja mara moja ili mtoto akikutana nayo aijue, kisha tunaiacha.

Alkali na besi: kila tunapoandika alkali kwa mara ya kwanza, tunaongeza "jamaa ya magadi, majivu, chokaa na sabuni". Hakuna aliyesahau baada ya hapo.

Mmumunyo: si suluhisho. Kwenye kemia, suluhisho limepigwa marufuku.

Yenye nguvu na iliyokolea: kila moja kwa kazi yake. Kali tumeliachia pilipili na walimu.

Kuzimana: kwa asidi na besi zinapokutana. Walimu mkiwa na neno bora tutalipokea, lakini watoto wamelielewa hili bila kuelezwa mara mbili.

Kwa dawa za usafi tumeandika hivi: "Javeli, yaani Jiki, yaani dawa ya kung'arishia nguo, isikutane na dawa ya choo, siki, ndimu wala dawa ya vioo. Javeli na maji tu. Ukisikia harufu inayochoma, usiinamie kuangalia. Toka nje, acha mlango wazi, piga 911." Tumeongeza kwamba asidi au alkali ikimwagikia ngozi au jicho, dawa ya kwanza ni maji mengi yanayotiririka, kwa dakika kumi na tano au zaidi, na si kujaribu kuizima kwa nyingine. Jaribio la kuzimana linafaa kwenye glasi ya choya, halifai kwenye jicho la mtu. Na tumeandika namba ya bure ya kituo cha sumu cha Marekani, 1-800-222-1222. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Mama wa Buffalo ndiye aliyependekeza jina javeli litangulie mengine. Alisema: "Anzeni na jina ninalolijua. Hayo ya kwenu nitajifunza baadaye." Tunaona maneno hayo yanafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila darasa la tafsiri.

Tuna ombi kwenu, wasomaji. Tuleteeni majina ya kwenu ya vitu hivi: soda ya kuokea, siki, kostiki, maji ya majivu, dawa ya kung'arishia nguo. Wenzetu wa magharibi ya Kenya wameshatuambia kuhusu munyu wa majivu wanaotia kwenye mboga. Bado hatujasikia kutoka Pemba, Bunia, Lindi na Muscat. Kila jina ni mlango wa nyumba fulani, na hatujui ni lini tutahitaji kuingia kwa haraka.

Na yule msichana wa Louisville? Majuzi alituandikia swali lake lile lile, ametafsiri mwenyewe, bila programu: "Besi yenye nguvu ikikutana na mmumunyo wa asidi yenye nguvu, zinazimana. Yanabaki maji, na chumvi ambayo si asidi wala besi." Chini yake aliongeza: "Yaya, neno 'asidi' mwalimu hakusema ina nguvu, mimi ndiye nimeongeza. Bila hivyo jibu si kweli kila mara."

Ni kweli. Siki ikikutana na kostiki, chumvi inayobaki huwa na ualkali kidogo. Programu haikulijua hilo, na sisi, tukiri, tulikuwa tumelisahau.